Butternut au kabocha? Boga lipi ununue msimu huu wa majani kupukutika

Nyumbani ukisema vuli mtu anajua mvua fupi, anatafuta jembe na mbegu. Huku Iowa, Marekani, vuli ni kinyume chake, ndo watu wanavuna, miti inageuka njano na nyekundu, asubuhi kuna kibaridi cha kukufanya utafute soksi, na masokoni maboga yamerundikwa kama machungwa ya Muheza. Yapo ya kijani, ya kijivu, ya rangi ya chungwa, mengine yana shingo ndefu, mengine yana mistari. Na kila mwaka ikifika Septemba watu wetu waliofika karibuni wananiuliza swali lile lile: lipi kati ya haya ndo linafanana na boga letu, lile la kupika na nazi likakaa kwenye sahani bila kumwagika?

Nimepika karibu yote kwa misimu sita sasa, kwahiyo naandika hapa kwa urefu ili mtu achague kabla hajatoa hela yake. Jibu langu kwa ufupi ni kwamba usichague kwa rangi wala ukubwa, chagua kwa unga na maji. Kuna boga la unga na kuna boga la maji, kama viazi tu, na ukishajua unapika nini basi lenyewe linajichagua.

Mi mwaka wa kwanza sikujua hilo. Nilinunua lile kubwa la chungwa lililokuwa limepangwa nje ya supamaketi moja, zuri, la mviringo, bei ya chini, nikasema leo shemeji na watoto wanakuja nitawapikia boga la nazi kama la mama Tanga. Nikakata, nikaweka iliki, nikamimina tui makopo mawili. Nilipofunua sufuria vipande vilikuwa vinaelea kwenye maji ya njano, ukigusa na mwiko vinaachana nyuzi nyuzi kama kitambaa kilichochakaa, na utamu hakuna. Niliongeza sukari, nikaongeza moto, maji hayakwisha. Iliniuma sana kwasababu yale makopo ya nazi ndo yalikuwa ya mwisho na wageni wameshakaa. Tulikula wali na maharage siku hiyo.

Baadaye ndo nikaelewa kwamba yale maboga makubwa yanayouzwa Oktoba yamezalishwa kwa ajili ya kuchongwa sura siku ya Halloween, tarehe 31, wanataka liwe kubwa, jepesi, lenye ukuta mwembamba na uwazi mkubwa ndani wa kuweka mshumaa. Utamu haukuwa lengo. Hata kwa takwimu za lishe za Wizara ya Kilimo ya Marekani, boga la kawaida la chungwa likiwa bichi lina maji karibu asilimia 92, butternut asilimia 86, kiazi kitamu asilimia 77. Unaweza kuona asilimia 6 ni ndogo, lakini geuza upande wa pili, kwenye gramu 100 boga la chungwa linakuachia gramu 8 tu za kitu cha kula kisicho maji, butternut inakuachia karibu 14. Hiyo sio tofauti ndogo, hapo ndo sufuria yangu ilipoharibikia.

Sasa tuje kwenye hizi mbili ambazo mi naona ndo za kushindanisha kweli, kabocha na butternut.

Kabocha ni lile la mviringo lililobonyea kidogo juu, ngozi ya kijani iliyokoza yenye michirizi hafifu ya kijivu, lina asili ya Japani kwa jina na kwa mbegu zinazouzwa sana. Uzito wake mara nyingi ni pauni 2 mpaka 4, yaani kama kilo moja hadi mbili hivi. Ukilikata ndani ni njano ya kiini cha yai la kienyeji. Likiiva mvuke wake unanukia kama kiazi kitamu kilichochomwa kwenye majivu, na ukibonyeza kipande kwa kidole kinapasuka pasuka, unga mtupu, mpaka ukila bila mchuzi linakukaba kooni. Hili ndo boga la nazi, sina namna nyingine ya kusema. Mama yangu alipoliona kwenye video akaniambia "mwanangu, hilo si boga la Lushoto hilo?" Ndivyo linavyofanana.

Uzuri wake mwingine ngozi inaliwa, inalainika kabisa, kwahiyo humenyi. Unasugua vizuri kwa maji, unatoa mbegu, unakata vipande vya saizi ya kiberiti, unapanga chini ya sufuria ngozi ikiwa imeangalia chini, chumvi kidogo, iliki tatu za kuponda, sukari vijiko viwili au usiweke, afu unamimina tui jepesi lifike nusu ya vipande tu, sio kuzamisha. Funika, moto wa kati, dakika 12 mpaka 15. Kisu kikipita unamimina tui zito, unaacha wazi dakika tano, na hapo usikoroge na mwiko, shika sufuria masikio yake utikise tu, ukikoroga linakuwa uji. Kopo moja la nazi la mililita 400 linatosha kabocha moja ya wastani, nusu ya juu iliyoganda ndo tui zito lako, nusu ya chini ongeza maji kikombe ndo jepesi.

Ubaya wa kabocha ni kukata. Ni gumu jamani, kisu kinaweza kunasa katikati kisiende mbele wala nyuma, na ukilazimisha kikateleza ni vidole vyako. Usishindane nalo. Toboa matundu matano sita kwa ncha ya kisu, weka kwenye maikrowevu dakika tatu au nne, litoe liache lipoe kidogo, afu kata kuanzia pembeni ya kikonyo, sio juu ya kikonyo chenyewe. Kama huna maikrowevu liweke zima kwenye oveni yenye moto dakika 15, linalegea vya kutosha kupitisha kisu.

Ubaya wa pili ni kwamba sio kila duka linalo, na bei kwa pauni mara nyingi iko juu ya butternut. Maduka ya Waasia yanakuwa nalo karibu mwaka mzima, supamaketi za kawaida ni msimu huu tu. Na kuna hili la kujua, kabocha likitoka shamba siku hiyo hiyo halina utamu sana, linahitaji kukaa wiki kadhaa wanga wake ugeuke sukari. Kwahiyo ukinunua kwa mkulima mwezi wa tisa muulize amelivuna lini, kama ni jana liweke ndani kwanza usilisahau, utalishukuru mwezi wa kumi.

Butternut sasa. Hii unaijua, rangi ya ngozi kama maziwa yenye majani ya chai, shingo nene, tako la mviringo. Si ya kale, ilizalishwa miaka ya 1940 na Charles Leggett kwenye mji wa Stow, Massachusetts, aliyetaka boga lenye umbo rahisi kusafirisha na kupika kuliko yale ya shingo ndefu zilizopinda. Na kweli ni rahisi. Iko kila duka, bei nafuu, ngozi laini inayomenyeka kwa kile kikwanguo cha viazi, na mbegu zote ziko chini kwenye tako, shingo yote ni nyama tupu. Ukichagua tafuta yenye shingo nene na fupi, ile yenye shingo nyembamba unanunua mbegu. Na isiwe na michirizi ya kijani, hiyo haijakomaa.

Ladha yake ni tamu kuliko kabocha la mapema, lakini ni laini, ina maji zaidi, haina ule unga. Ukiipika kama boga la nazi kwa namna ile niliyoeleza juu utapata kitu kitamu lakini kimelegea, kinaserereka kwenye sahani. Mtu anayependa hivyo apike, ila asiweke tui jepesi kabisa, aweke zito tu robo kikombe na aache sufuria wazi. Au aichome kwanza kwenye oveni maji yapungue.

Pale butternut inapoishinda kabocha ni kwenye vitu vya mchuzi. Supu, maharage, makande, rojo la kuku. Ukikata vipande vidogo ukatupia kwenye maharage yaliyokwisha kuiva, dakika 20 za mwisho, nusu vinabaki vipande nusu vinayeyuka, mchuzi unakuwa mzito wa rangi ya chungwa bila unga wala krimu. Jirani yangu mama wa Kikongomani, mtu wa Uvira, ndo alinionyesha hii, yeye anaweka na mawese kijiko kimoja na pilipili nzima isiyopasuliwa, na siku ya theluji sijaona chakula kinachopasha mwili kama kile. Kabocha kwenye maharage hunyonya mchuzi wote likabaki tonge, mpaka uongeze maji mara mbili.

Kwa makande ya huku mi natumia mahindi ya hominy ya kopo kutoka duka la Wamexico, yameshatolewa ngozi, maharage ya pinto niliyoloweka usiku, na butternut nusu. Na nikiipika hii huwa nawaza jambo moja. Watu wa asili wa bara hili, kuanzia Wahaudenosaunee wa kule mashariki, walipanda mahindi, maharage na maboga shamba moja, mahindi yanakuwa mti wa maharage kupanda, maharage yanarutubisha udongo, majani ya boga yanafunika ardhi isikauke. Hapa Iowa wako Wameskwaki, waliojinunulia ardhi yao karibu na Tama mwaka 1857, na mahindi, maharage na maboga bado ni chakula chao. Bibi yangu alipanda hivyo hivyo Handeni, mashimo yale yale, na hakuna aliyemfundisha kwa kitabu. Mazao yote matatu yalitoka huku kuja kwetu. Kwahiyo mtu asikwambie chakula hiki ni cha kigeni kwako.

Mkono wa kumenyea butternut upake mafuta kwanza. Utomvu wake ukikauka unakaza ngozi ya vidole mpaka inahisi kama umevaa glovu ndogo, wengine wanabambuka. Fanya kama unavyofanya kwenye fenesi.

Njia yangu ya uvivu siku za kazi, butternut naipasua katikati kwa urefu, napaka mafuta na chumvi, naifudikiza kwenye trei, oveni nyuzi 400 za Farenhaiti (200 za Selsiasi) dakika 45, nachota nyama kwa kijiko, simenyi kitu. Hapo weka kwenye blenda na kitunguu kilichokaangwa, tangawizi, kijiko kikubwa cha siagi ya karanga, maji ya moto, malizia na ndimu. Karanga na butternut ni ndugu. Watoto wangu wawili wasiotaka kusikia neno mboga wanakunywa hiyo kwa mkate.

Mengine yote nayapitia haraka maana hayana ushindani mkubwa.

Acorn, lile dogo la kijani lenye mikunjo kama embe kavu, ni rahisi na la kula mtu mmoja au wawili, lakini lina nyuzi na maji, na halikai, mwezi mmoja hivi limeanza kugeuka chungwa na kukauka ndani. Nalinunua siku nimekosa mengine. Delicata, lile refu jembamba la njano lenye mistari ya kijani, ngozi inaliwa, unakata pete pete unachoma dakika 25 tu, kwa mwanafunzi anayeishi peke yake hili ndo namshauri. Spaghetti squash likiiva linachambuka kama tambi, sio boga kwa maana yetu, liache. Hubbard, lile kubwa la kijivu kama jiwe, ni la unga na tamu kweli, ila kwa familia ya watu kumi, wenyeji wengine wanaliangusha kwenye sakafu ya simenti ndo lipasuke.

Calabaza nalipa nafasi ya tatu. Liko kwenye maduka ya Walatino na ya watu wa Karibiani, limekatwa vipande limefungwa na nailoni, unaona ndani kabla hujanunua, na kwa mtu wa pwani linafanana sana na boga letu la kawaida, sio unga sana sio maji sana. Ila ukinunua kilichokatwa pika siku hiyo au kesho yake, halisubiri.

La kopo je? Watu wanalidharau bure. Maboga mengi ya kopo ya Marekani yanatoka jimbo la jirani hapa, Illinois, mji wa Morton unajiita mji mkuu wa maboga duniani, na aina inayotumika sana kiwandani ni Dickinson ambayo ni ya ukoo mmoja na butternut, sio lile la kuchonga. Kwa mandazi ya boga, chapati, uji wa mtoto, supu ya haraka, kopo linatosha kabisa na linaokoa saa nzima. Kwa boga la nazi halifai maana limeshasagwa. Soma lebo tu, yako makopo mawili yanayofanana rangi, moja ni boga peke yake, lingine limeandikwa pie mix limeshatiwa sukari na mdalasini, ukiweka hilo kwenye maharage umeharibu sufuria.

Viazi vitamu navyo ni msimu wake, na hapa pana mtego wa jina. Supamaketi wanaandika yam kwenye kiazi chenye nyama ya chungwa, ukadhani ni kiazi kikuu, hapana, ni kiazi kitamu tu, cha maji, kitamu sana, kinafaa kuchoma na kusaga ila kwenye futari kinayeyuka. Kwa futari tafuta chenye ngozi ya zambarau na nyama nyeupe kinachoitwa cha Kijapani, au boniato kwa Walatino. Boniato ndo kile chetu cha unga, kikavu, utamu wa kiasi. Nikipata boniato na kabocha siku moja napika futari ya mchanganyiko, naanza na kiazi maana kinachelewa, dakika kumi baadaye ndo boga.

Majani usiyasahau. Collard ndo sukuma wiki yenyewe au ndugu yake wa karibu, na usiinunue mapema, subiri baridi kali ya kwanza iipige, mmea unajikinga kwa kutengeneza sukari na majani yanakuwa matamu waziwazi. Majani ya maboga ni kinyume, baridi hiyo hiyo inayaua usiku mmoja. Hapa Des Moines nayapata kwa wakulima wa Global Greens, wakimbizi wenzetu, wengi kutoka Burundi, Kongo na Rwanda, wanauza na lengalenga na nyanya chungu, na Kiswahili unaongea kuanzia salamu mpaka chenji. Masoko kadhaa ya wakulima yanapokea kadi ya EBT, ile ya msaada wa chakula wa serikali, uliza tu mezani wanapogawa tokeni. Lile soko kubwa la Jumamosi la Court Avenue linaisha Oktoba, kwahiyo usijipange kwa Novemba.

Jambo la usalama, nalisema kwa uzito. Boga lolote, hata zuri kiasi gani, ukionja kipande kibichi likawa chungu kama shubiri, tema na tupa lote, usijaribu kulipika uchungu uishe. Ni sumu ya asili ya ukoo huu wa maboga, moto hauiondoi, inaumiza tumbo vibaya. Ni kama mumunye chungu nyumbani, hakuna aliyebishana nalo. Na yale madogo ya mapambo yenye vinundu na rangi rangi sio ya kula kabisa, hata mtoto akikuomba.

Kwahiyo mi mwaka huu nanunuaje. Familia yetu ya watu watano nachukua kabocha sita na butternut nne, Jumamosi za mwisho za Oktoba. Kama unapika zaidi vya nazi na futari fanya kama mimi, kama nyumbani kwako ni watu wa supu na maharage geuza namba hizo, butternut sita. Kama una saa moja tu ya kupika kwa siku na mikono inauma, nenda na butternut moja kwa moja, usihangaike na kabocha. Siweki kwenye friji, naweka kwenye chumba cha chini chenye ubaridi, juu ya gazeti, yasigusane, yanakaa miezi miwili mitatu. Ramadhani siku hizi inaangukia mwisho wa baridi, Februari huko, mabichi hayafiki salama yote, kwahiyo Desemba nakata kabocha mbili vipande, nachemsha dakika nne tu, napoza, nagandisha kwenye friza kwenye mifuko ya mlo mmoja mmoja, likitoka linaenda moja kwa moja kwenye tui bila kuyeyushwa.

Kila Jumapili nayapitia kwa mkono, nageuza, nabonyeza chini. Lililokatika kikonyo tangu sokoni ndo linaanza kulegea siku zote, maji yanaingilia pale, kwahiyo ukinunua chagua yenye kikonyo kizima kilichokauka kama kizibo, na kama umeshaleta lililokatika nyumbani, hilo ndo la jioni ya leo.